Gari na Pikipiki Msituni: Usiache Njia



Uliza katika mkutano wowote wa kijiji: nani adui wa msitu? Majibu tunayajua. Watu watasema shoka. Watasema moto. Mwingine atasema mbuzi, na wenye mbuzi watanuna. Ni mara chache utamsikia mtu akitaja tairi.

Lakini siku hizi tairi limefika kila mahali. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 pikipiki zimeongezeka sana katika nchi yetu. Hapa Dodoma mambo yalizidi mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kwamba inahamia huku. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Ipagala leo ni kata ya jiji. Mji ukikua unataka nguzo, kuni, mkaa, mchanga na asali. Vitu hivyo vinatoka porini, na siku hizi havibebwi kichwani. Vinabebwa na gari au pikipiki.

Wako na wengine wanaoingia msituni kwa magurudumu. Yuko Bwana Misitu anayekagua mipaka. Wako watafiti, wawindaji wenye vibali, na warina asali. Wako watalii wenye magari makubwa ya kuvuta kwa magurudumu yote manne. Tena wako vijana wa mjini wanaokwenda kupanda vilima kwa pikipiki Jumapili, basi tu, wafurahi.

Hatusemi pikipiki ni mbaya. Mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku, mbali na zahanati, anaijua faida ya pikipiki kuliko mwandishi wa makala hii. Tunachosema ni kwamba chombo hiki kina namna yake ya kuendeshwa ndani ya msitu, na wengi wetu hatukufundishwa. Tulifundishwa kuendesha barabarani. Msituni tumejifunzia wenyewe, na msitu ndio umelipa ada.

PAA LA TEMBE

Sisi wa Ugogo tunajua paa la tembe. Unapanga nguzo na fito, unaweka nyasi, halafu unapandisha udongo juu. Udongo unashindiliwa mpaka ushikane. Mvua ikinyesha, maji hayapenyi upesi. Yanateremka pembeni na kuanguka chini.

Sasa tazama udongo wa msituni. Huo haujashindiliwa. Juu kuna majani makavu. Chini kuna mizizi, kuna vijitundu vya mchwa na vya wadudu wengine. Mvua ikinyesha, maji yanapata mlango. Yanaingia polepole na kushuka chini. Haya ndiyo maji tunayoyachota kisimani mwezi wa Septemba, wakati juu kila kitu kimekauka.

Gari likipita hapo mara moja, linayalaza majani. Likipita mara kumi, udongo umeshashindiliwa. Vile vijitundu vimeziba. Umepata paa la tembe, lakini limelala chini, ndani ya msitu. Tena siyo paa la kawaida. Alama ya tairi ni kama mfereji mdogo. Maji yakianguka humo hayaingii ndani, wala hayatawanyiki. Yanashika mfereji na kukimbia.

Tufanye hesabu kidogo, chukua karatasi. Tuseme gari limepita msituni mita 100 tu. Limeacha mistari miwili. Kila mstari una upana wa sentimita 25. Mistari miwili ni sentimita 50, yaani nusu mita. Nusu mita mara mita 100 ni mita za mraba 50. Kisha mvua inanyesha milimita 20. Kwetu Dodoma mvua kama hiyo inaweza kunyesha kwa muda mfupi sana, tunazijua mvua zetu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo 50 mara 20 ni lita 1,000.

Lita 1,000 ni mapipa matano yale ya lita mia mbili. Na hiyo ni mvua iliyoanguka ndani ya alama za tairi peke yake. Hatujahesabu maji yanayoingia kutoka pembeni. Sasa fikiria watu wanamwaga mapipa matano kwa mkupuo juu ya mteremko, ndani ya mfereji mwembamba, kila mvua inaponyesha. Udongo utabaki?

Ndivyo korongo linavyozaliwa. Linaanza na alama ya tairi.

Tatizo letu linazidi kwa sababu ya hali ya hewa. Dodoma tunapata mvua kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine ni jua na upepo. Mvua ya kwanza inapofika, ardhi iko uchi, nyasi zimekwisha. Inapiga kama fimbo.

WENZETU WA KONDOA

Anayedhani tunatia chumvi aende Kondoa. Katika vilima vya Kondoa, hasa sehemu za Haubi na jirani zake, ardhi ilichanwa na makorongo marefu, mengine nyumba inaingia na paa lake. Mchanga ulioteremka ulifunika mashamba ya bondeni. Pikipiki haikuwapo wakati ule. Walioanza ni watu kufyeka miti, kulima kwenye miteremko, na mifugo mingi kupita njia zilezile kwenda majini na kurudi. Lakini kazi ya kwato na kazi ya tairi ni moja. Zote zinashindilia udongo katika mstari mmoja, na maji yanaufuata mstari.

Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wengi tunaujua kwa jina la HADO. Nchi ya Sweden ilisaidia fedha. Mwanzoni mashine zilichimba matuta ya kukinga maji. Yalisaidia kidogo, lakini mifugo ilikuwa bado inakanyaga. Mwaka 1979 ikatolewa amri nzito. Mifugo yote iondoke katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Mifugo zaidi ya 80,000 ikaondoka. Watu walibaki, ng'ombe wakaenda. Fikiria, ndugu msomaji, mwenye ng'ombe anaambiwa aishi bila ng'ombe. Maziwa hakuna, samadi hakuna, mahari taabu.

Baada ya miaka michache nyasi zilirudi, na vichaka vikafuata. Baadaye wakaruhusiwa kufuga ng'ombe wa maziwa wa kulishwa zizini. Ardhi ilipona kiasi, lakini bei ilikuwa kubwa, na waliolipa siyo wote waliofanya kosa.

Huku kwetu pia tunalipa. Udongo unaotoka kwenye miteremko hauendi mbali, unaishia kwenye mabwawa. Bwawa la Ikowa lilijengwa miaka ya 1950. Miaka ya 1970 mwanzoni wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walilipima, wakakuta tope linalijaza kwa haraka. Bwawa likijaa tope halina mahali pa kuweka maji. Na sasa tazama kaskazini mwa jiji, kwenye milima ya Chenene. Kule kuna msitu wa hifadhi. Maji ya upande ule yanateremka kuelekea bonde la Makutupora, ambako kuna visima vinavyonywesha jiji hili. Kwa hiyo mtu wa Ipagala anayefungua bomba asubuhi, asiseme msitu wa Chenene haumhusu.

"NIMEPITA PEMBENI KIDOGO TU"

Tuchukue mfano. Kijana wa bodaboda anapita njia ya msituni mwezi wa Januari. Mbele kuna dimbwi. Anakata kulia, anapita juu ya nyasi. Hapo anamkuta mzee mmoja anakagua mizinga yake ya nyuki.

– Shikamoo babu.

– Marahaba mjukuu wangu. Mbona umeacha njia?

– Babu, njia ina dimbwi. Nimepita pembeni kidogo tu.

– Na jana nani alipita pembeni?

– Sijui babu. Nimekuta alama.

– Yule aliyeacha alama, naye alikuta alama ya nani?

Kijana akacheka.

– Lakini babu, pikipiki ni nyepesi. Hii siyo lori.

– Na mbuzi ni lori? Hebu geuka nyuma, uhesabu njia.

Kijana akageuka. Akahesabu njia tano zimelala sambamba. Ya zamani katikati, imejaa maji. Nyingine mbili kulia na mbili kushoto. Na moja ya hizo nayo imeanza kufanya dimbwi lake.

– Sasa babu, nipite wapi? Abiria wangu ananingoja.

– Shuka. Chukua kijiti upime kina. Kama maji hayafiki kwenye injini, pita katikati, polepole, gia ya kwanza. Kama yanafika, zima, usukume pembezoni kabisa mwa njia ileile.

– Nitachafuka babu.

– Utafua. Maji ya kufulia yanatoka wapi, mjukuu wangu?

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Dimbwi linatutisha kwa sababu ya tope, tunalikwepa, na kesho njia imekuwa pana kama uwanja wa mpira. Hasa kwenye udongo mweusi wa mbugani. Udongo ule ukilowa unanata kama ugali. Kila gari linatafuta mahali pakavu, na kila linapopita panakuwa pabovu. Dawa ni moja: pita katikati ya njia ya zamani, au usipite kabisa mpaka ikauke. Chukua udongo mkononi ufinyange. Ukishikana ukawa donge linaloteleza, njia bado haijawa tayari kubeba gari. Ngoja siku moja au mbili.

MAGURUDUMU MANNE SIYO MABAWA

Tuseme sasa na wenye magari. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lina nguvu, lakini lina mtego wake. Dereva akijua ana gari la namna hii, anadhani hakuna mahali asipofika. Anaingia topeni na kasi, anakwama, halafu ndipo anakumbuka kuingiza magurudumu ya mbele. Amechelewa. Amekwisha chimba mashimo manne.

Utaratibu ni kinyume chake. Simama kabla ya tope au mchanga. Shuka, tembea, utazame. Dereva anayeona aibu kushuka na kutazama ataona aibu kubwa zaidi baadaye, akisukumwa na watoto wa shule. Kama gari ni la zamani lenye loki kwenye magurudumu ya mbele, zifunge hapo hapo. Ingiza gia ndogo. Halafu ingia polepole, kwa mwendo mmoja, bila kukanyaga mafuta kwa hasira. Tairi linalozunguka bila kusonga mbele limegeuka jembe.

Kwenye mchanga, punguza upepo wa tairi kidogo. Tairi likilala linakuwa pana, gari halizami. Lakini beba pampu, na ujaze upepo kabla ya kurudi kwenye lami. Tairi lenye upepo mdogo likikimbia kwenye lami linapata moto na linaweza kupasuka.

Kwenye mteremko, shuka na gia ileile ambayo ungepandia. Acha injini ishike gari. Wenye pikipiki, msifunge breki ya nyuma mkaburuza tairi. Kuburuza ni kuchimba, tena ndiyo njia nyepesi ya kuanguka. Na kofia ngumu ivaliwe hata msituni. Wengine wanaivua wakishaiacha lami kwa sababu hakuna trafiki. Tawi la mgunga halina habari kama trafiki yupo au hayupo.

Likikwama kabisa, usifunge waya wa kuvutia kwenye shina la mti hivi hivi. Hili watu hawalijui. Mti unapitisha chakula chake kwenye gamba, kati ya gamba na mbao. Waya ukikata gamba kuzunguka shina lote, mti utakufa. Hautakufa leo. Utakufa pole pole, na mwenye gari ameshafika kwake. Tumia mkanda mpana, au zungushia magunia kwanza, ndipo ufunge.

MTO MKAVU

Mito yetu mingi ni ya msimu. Unakuta mchanga mweupe, mkavu, mzuri, na kivuli cha mikuyu. Dereva anaona mahali pa kupumzika. Wengine wanalala humo. Ndugu, usiegeshe gari ndani ya mto mkavu wakati wa masika, hata kama jua linawaka. Mvua inaweza kuwa imenyesha milimani, mbali na macho yako. Maji yanakuja na magogo, yanakuja kwa kelele, na hayangoji mtu kutafuta ufunguo.

Ukikuta maji yanapita, usivuke kwa kubahatisha. Maji yanayokwenda kasi yanasukuma sana. Yakifika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima na kusogeza gari dogo. Maji yanayojaa kwa mvua ya saa moja mara nyingi hupungua baada ya saa chache. Kaa ng'ambo ungoje. Na unapovuka, vuka mahali palipozoeleka. Ukikata kingo mpya, umeufungulia mto mlango wa kuingia shambani kwa mtu.

MOTO NA NYUKI

Mwezi Juni mpaka Novemba hatari yetu ni nyingine. Nyasi zimekauka. Bomba la moshi la pikipiki au gari likiwa limepata moto, linaweza kuwasha nyasi zilizo chini yake. Usiegeshe juu ya nyasi ndefu kavu. Tafuta mahali peupe. Ukiwa umetembea msituni muda mrefu, simama uchungulie chini ya gari. Utakuta nyasi zimejikusanya karibu na bomba. Zitoe. Wanaobeba petroli kwenye dumu wakae mbali na sigara, na dumu lisikae karibu na bomba hilo.

Kuna vijana wanaotoa salensa ili pikipiki ilie sana. Mjini ni ushamba tu. Msituni ni hatari. Nyuki hawapendi kelele na mtikisiko karibu na mzinga. Wakitoka, hawatamfukuza mwenye pikipiki ambaye ameshapita. Watamkuta mama anayeokota kuni. Mifugo nayo hushtuka ikatawanyika. Ukikutana na mtu anaswaga ng'ombe, simama, zima injini, wapite. Ukikuta wanyama wa porini, usiwafukuze kwa gari ili uwaone vizuri. Mnyama aliyekimbizwa mchana wa jua kali anapoteza nguvu ambazo angezitumia kutafuta malisho.

Jambo jingine dogo: tope linalonata kwenye tairi hubeba mbegu. Huko Arusha, tangu mwaka 2010, limeonekana gugu karoti, gugu baya linalosumbua mazao, malisho na hata ngozi za watu. Magari ni miongoni mwa vitu vinavyolisambaza. Kwa hiyo gari likitoka mbali, lioshwe tairi kabla halijaingia msituni.

SHERIA INASEMAJE

Katika hifadhi za taifa kama Serengeti utaratibu unajulikana. Dereva haruhusiwi kuacha njia, na mwendo mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Hata mgeni aliyelipa dola nyingi akimwona simba kwa mbali, gari linabaki njiani. Pale Kolo, Kondoa, penye michoro ya kale kwenye miamba, iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006, unakwenda na mwongozaji. Gari lenye nguvu linafika chini ya mlima, kisha mgeni anapanda kwa miguu yake.

Misitu ya hifadhi ya Serikali inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, ulioundwa mwaka 2010. Sheria yenyewe ni Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kukata miti, kuchoma mkaa, kulima au kufungua barabara ndani ya msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa. Hapa wenye njia za panya wajiulize. Pikipiki kumi za mkaa zikipita mahali pamoja kila usiku, si zimefungua barabara?

Msitu wa kijiji ni mali ya kijiji, na kijiji kina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, Halmashauri ya Kijiji inaweza kutunga sheria ndogo. Inapelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, halafu Halmashauri ya Wilaya inaipitisha. Jirani zetu wa Mgori, mkoani Singida, walifanya hivyo miaka ya 1990. Vijiji vitano viligawana ulinzi wa msitu wenye zaidi ya hekta 40,000, vikaweka walinzi wao na faini zao. Kwa sisi wa mitaa ya mjini kama Ipagala ni tofauti. Sheria ndogo zinatungwa na Halmashauri ya Jiji, kwa hiyo neno letu lipitie kwa diwani.

Sheria ndogo juu ya magari isiwe ndefu. Iseme njia ipi ni ya gari, ipi ni ya pikipiki na baiskeli, ipi ni ya miguu tu. Iseme miezi ya kufunga njia wakati wa masika. Iseme mgonjwa haulizwi kibali. Maneno hayo yaandikwe kwa herufi kubwa kwenye kibao pale njia inapoanzia, tena kwa Kiswahili. Vibao vya Kiingereza porini sijui vinamwandikia nani.

MCHEZO WA WENZETU KENYA

Msomaji anaweza kuuliza: je, hao wanaoendesha porini kwa kujifurahisha, wazuiwe kabisa? Wakenya wamejibu swali hili kwa namna yao. Tangu mwaka 1989 wana mashindano ya magari porini, yanaitwa Rhino Charge. Yanafanyika mara moja kwa mwaka, na mahali hubadilishwa. Magari yanapita vituo 13 katika saa 10. Anayeshinda siyo aliyekimbia kuliko wengine. Anayeshinda ni aliyefika vituo vyote kwa kutembea umbali mdogo zaidi. Kila timu inatafuta michango, na fedha zinakwenda kulinda misitu. Ndizo zilizosaidia kujenga uzio wa umeme kuzunguka msitu wa milima ya Aberdare, kama kilomita 400, uliomalizika mwaka 2009. Uzio unazuia tembo wasile mashamba, na unazuia watu wasimalize msitu.

Ni jambo la kusifu, ingawa kwa maoni yangu siyo la kuiga lote. Magari yale yanakata moja kwa moja, yanapanda majabali na kushuka makorongo. Kwa ardhi yetu hii ya vumbi la Dodoma, alama zake tungezihesabu miaka mingi. Tunachoweza kuiga ni huko kulipa. Vijana wa mjini wanaotaka kupanda vilima kwa pikipiki waende kwenye serikali ya kijiji, waonyeshwe njia moja, walipe ada, na fedha ziende kwa walinzi wa msitu. Wataburudika, na kijiji kitapata.

KUIFUNGA NJIA YA PANYA

Njia ambayo haitakiwi, ifungwe mapema. Kazi hii inafaa Oktoba na Novemba, kabla mvua haijaanza. Anzeni juu ya mteremko, siyo chini, kwa sababu maji yanayoharibu chini yanatoka juu. Lazeni matawi ya miiba mwanzoni mwa njia, mengi, yafike hatua ishirini au thelathini ndani, ili anayepita asione kama mbele pamenyooka. Mahali palipoanza kuchimbika, pangeni mawe kuvuka njia, mstari mmoja kila baada ya hatua chache. Mawe ya katikati yawe chini kuliko ya pembeni. Mkifanya sawasawa kama ukuta, maji yatazunguka pembeni, na mtapata makorongo mawili badala ya moja. Nyuma ya mawe tope litajaa lenyewe. Hapo ndipo pa kutupa mbegu za nyasi mvua ya kwanza ikishaloweka ardhi, na kama udongo umekuwa mgumu kama sakafu, upigwe jembe kidogo kwanza, ili maji yapate pa kuingilia.